Mimi na Koti la Kijivu

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Magamba mpaka mlangoni kwa duka langu. Nani ananunua mbegu za kabichi siku kama hii? Nikafunga mapema, nikaenda mgahawani kwa Efrazia kwenye mjadala.

Kila Julai sisi wapenzi wa filamu za kijasusi tunachagua moja ya zamani, tunaitazama upya Jumamosi kwenye runinga kubwa ya Efrazia. Rashidi, mkulima wa karoti, alitaka Bastola za Kapteni, kwa sababu ya magari. Ameiona mara nyingi hadi anapiga breki zake zote kwa mdomo. Mimi nikaitetea Treni ya Theluji. Edgar, bwana misitu mstaafu, akatukatiza. Akasema jasusi wa kweli hapandi juu ya treni wala hafukuzani na magari. Anakaa, anakunywa kahawa, anasikiliza. Kisha akachomoa flashi mfukoni. Binti yake kamtumia kutoka Dar. Koti la Kijivu!

Chai ikanipalia.

Koti la Kijivu ni filamu yangu. Lushoto nzima ni mimi peke yangu niliyeiona, ujanani, Tanga mjini. Nimeisimulia harusini, matangani na kwenye foleni ya zahanati. Jasusi anavuka mpaka kwenda kumwona mama yake, anapigwa risasi, anakata roho mikononi mwa mama. Efrazia alipofiwa na mama yake nilimsimulia mwisho huo. Akalia, kisha akasema kifua kimepungua uzito. Tangu siku hiyo makande yangu huja na parachichi ambalo sikuagiza.

Tatizo ni dogo tu. Sijawahi kuiona. Sinema ilijaa, nikarudishwa mlangoni. Nilichoona ni tangazo la ukutani: mwanamume kavaa koti, nyuma yake mwanamke analia. Mengine nilijazia mwenyewe.

Kura ni keshokutwa. Sina wasiwasi. Mtu mwenye akili hapotezi kura.

Jumanne, 9 Julai

Kazi nzuri leo. Nilimwita Rashidi dukani, nikampa kopo la mbegu za karoti, zile nzuri. Nikamweleza kwamba Koti la Kijivu haina gari hata moja. Ni baiskeli tu, tena inasukumwa. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema tumeelewana.

Kisha nikapanda kwa Edgar. Nikamwonya kwamba filamu ile ina huzuni kali, haimfai mtu mwenye presha. Akasema hana presha. Nikamwambia ndivyo inavyoanza.

Jumatano, 10 Julai

Kura imepigwa. Wanaotaka Treni ya Theluji, mikono juu! Mkono wangu ukapanda. Ukakaa huko peke yake kama mlingoti.

Rashidi kaipigia Koti la Kijivu. Akaeleza mbele ya watu kwamba tangu jana hajalala, anataka kuiona hiyo baiskeli. Akanishukuru tena kwa mbegu. Mbele ya watu hao hao! Edgar akaniangalia, akatabasamu kwa upande mmoja.

Efrazia akasema miaka yote hii amekuwa akitamani kumwona yule mama kwa macho yake. Akaniita Baba Eliza kwa sauti ambayo hajawahi kuniita nayo. Amemwalika hata binamu yake, Sista Jenoveva, mtawa wa kule Gare, aje alie pamoja naye.

Sikula. Parachichi nililila.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata dawa. Nilimwambia Edgar kwamba flashi za Dar zina virusi, nikajitolea kuisafisha kwenye kompyuta yangu. Sina kompyuta. Akanipa bila swali. Nikaifukia ndani ya gunia la mbolea lililokuwa wazi, nikatoka kwenda kunywa uji kwa ushindi.

Niliporudi, jirani yangu Dorkasi alikuwa na habari njema. Kaniuzia gunia zima! Mteja wa Mgwashi, kaondoka nalo kwenye pikipiki.

Kwanza nilikimbilia barabarani. Kisha nikaanza kucheka mwenyewe. Imekwenda! Koti la Kijivu litaotesha viazi huko Mgwashi, na hakuna atakayejua mwisho wake ila mimi. Nikavaa uso wa msiba, nikaenda kwa Edgar kutoa taarifa.

Alinifariji yeye! Kanikalisha, kanipa kahawa. Akasema nisijilaumu, filamu anayo pia kwenye kompyuta yake. Akaongeza kwamba mtu aliyeona filamu nyingi za kijasusi kama mimi angejua kwamba nakala haiwi moja.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeomba umeme ukatike tangu asubuhi. Haujawahi kuwa imara kama leo.

Alasiri mgahawa ulijaa. Efrazia kavaa kitenge kipya, leso mkononi. Sista Jenoveva kakaa mbele na kikombe cha chai, mpole, mdogo, miwani mikubwa. Edgar akabonyeza. Muziki. Mvua. Mwanamume mwenye koti. Akafungua mdomo.

Kijerumani! Kijerumani kitupu, bila maandishi chini!

Vichwa vyote vikanigeukia mimi. Edgar akasema kwa bahati nzuri tunaye aliyeiona. Efrazia akaniomba niwatafsirie. Aliniomba!

Jamani, Mungu wa Walutheri hasinzii. Nilisimama kando ya runinga na fimbo ya fagio, nikaanza. Jasusi anasema amechoka kuishi ugenini. Mwenye mkahawa anamwambia mama yake anaumwa. Akatokea mwanamke mwenye kofia nyekundu. Nikamtangaza kuwa dada yake. Ilikwenda vizuri hadi jasusi akamkumbatia dada na kumbusu mdomoni, tena kwa muda mrefu.

Rashidi akauliza ni mila gani hiyo. Nikasema huko kwao ndugu wakipotezana sana husalimiana hivyo.

Hapo ndipo Sista Jenoveva alipocheka. Akafunika mdomo kwa kikombe. Nikamuuliza kwa heshima kama kuna tatizo.

"Hakuna, kaka," akasema. "Endelea. Nilisomea uuguzi Ujerumani, nilikaa huko miaka mingi. Nafurahi tu kukisikia tena."

Fimbo ya fagio ilinidondoka.

Niendelee au nikimbie? Mlango ulikuwa nyuma ya Edgar. Nikaendelea, sauti ikiwa imebaki nusu, jicho moja kwenye runinga na jingine kwa Sista. Yeye anakunywa chai tu. Baiskeli ilipita, asante Mungu, Rashidi akapiga makofi. Hatimaye stesheni. Ukungu. Mama mwenye nywele za mvi anasimama. Jasusi anamkimbilia. Efrazia kaanza kulia tayari. Mama akainua mkono...

Akamzaba kofi! Kofi la nguvu! Askari wakaja, wakamchukua jasusi. Mama akageuka, akaondoka zake. Mwisho.

Edgar akainuka. Akauliza risasi iko wapi. Kufia mikononi kuko wapi.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema ile ya Tanga ilikatwa vipande vibaya, huu ndio mwisho kamili. Nikasema mama amempiga kofi ili askari wasimtambue kuwa ni mwanawe. Wakimjua watamuua. Sasa watamfunga siku chache kama mlevi, kisha watamwachia. Kofi lile ndilo lililomwokoa. Na mama anageuka ili wasione machozi.

Efrazia akashika leso kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia binamu yake.

"Sista, ndivyo alivyosema yule mama?"

Nikautazama tena mlango.

Sista akaweka kikombe chini taratibu. "Baba Eliza ametafsiri kwa moyo," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Efrazia akaangua kilio kizuri. Rashidi naye. Hata Edgar akapangusa miwani yake, akanipa mkono. Nilikaa chini.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada nilimkuta Sista stendi akisubiri gari la Gare. Nikamwamkia, tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Nikasimama hapo nikikunja kofia yangu.

"Yule hakuwa mama yake," akasema. "Ni mkewe."

Nikauliza kuhusu dada mwenye kofia nyekundu. Akaniangalia tu. Nikaelewa kofi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema Efrazia hakulia vile hata siku ya mazishi, alijikaza kwa ajili ya wageni, na jana usiku amelala fofofo kama mtoto. Kisha akaniambia, kaka, umepona jana, sasa pumzika. Gari likaja. Nilimpandishia mzigo wake. Nilimwona mtakatifu kabisa pale dirishani.

Mchana, mgahawani, niliwekewa maparachichi mawili. Efrazia akakaa mezani kwangu, kitu ambacho hakifanyi kwa wateja. Baridi imepungua. Hata Edgar ni mtu mzuri ukimzoea.

Jumanne, 16 Julai

Edgar kaja dukani, kwa adabu, kofia mkononi. Ijumaa wanakuja wageni kutoka Ujerumani kuitembelea misitu ya Magamba, na mkalimani wao anaumwa. Kashawaambia wenzake kwamba Lushoto tuna mtu. Efrazia aliposikia akasema atakuja kunisikiliza.

Nimekubali. Ningekataaje?

Sista naye katuma salamu na kitabu chembamba cha Kijerumani cha wanaoanza. Nimemrudishia kwa gari la jioni, pamoja na kabichi na shukrani nyingi. Nimemwandikia kwamba ngazi hiyo mimi nimeshaipita.