Malalamiko Juu ya Sidiria Iliyomkaa Mke Wangu Sawasawa

Kituo cha Majani Chai,
Barabara ya Mogogosiek,
Konoin.
Alhamisi.

Kwa Bwana Robert Momanyi,
Afisa wa Ugani.

Bwana Afisa,

MINTARAFU: MADHARA YA SIDIRIA INAYOTOSHEA

Pokea salamu zangu pamoja na za majani, ambayo mvua hii imeyachipusha mpaka hatujui tuanzie wapi. Mimi ni mzima, ng'ombe wanakula vizuri, na ni kwa roho safi kabisa nakuandikia kukushtaki kwako wewe mwenyewe.

Unanijua. Mimi ndimi Johana Kipkosgei, mwenyekiti wa kituo hiki cha kununulia majani tangu paa lake likiwa jipya. Jumamosi hii tuna uchaguzi, na kwa mara ya kwanza nina mpinzani. Mpinzani huyo analala kwenye kitanda changu. Ni Rodah, mke wangu, na kilichomleta ulingoni si kingine ila sidiria uliyosababisha wewe.

Nitaeleza polepole ili usiseme nimekurupuka. Mwezi uliopita ulituletea siku ya wakulima. Asubuhi ulitufundisha kupogoa michai, tukakupigia makofi. Baada ya chai na mandazi ukatutenganisha. Sisi wanaume ukatupeleka joshoni tukaonyeshwe jinsi ya kumpima ng'ombe kifua kwa mkanda, ili tujue uzito wake kabla ya kumpa dawa ya minyoo. Akina mama wakabaki ndani ya kituo na Bi. Phelis Nyanchoka, yule anayeuza nguo za ndani karibu na steji ya Kericho. Mlango ukafungwa, leso ikatundikwa dirishani, tukawa tunasikia vicheko tu. Tulipouliza kunani, Bi. Phelis alichungulia akasema mbele ya wazee wa kanisa: "Nyinyi mnapima ng'ombe kwanza ndio mmpee dawa. Na hawa mama mnawanunulia na macho tu?" Wanaume walicheka, nami nikacheka, kumbe aliyekuwa akichekwa ni mimi.

Kwa maana ni kweli, Bwana Afisa, nyumbani kwangu mnunuzi ni mimi. Miaka yote nikiuza ndume sokoni Siongiroi sikurudi mikono mitupu kama wengine. Nilipita kwenye mitumba nikachagua sidiria kwa uangalifu: nauvuta mpira, naijaza ngumi zangu mbili, natazama kama rangi itastahimili tope. Zilizozidi ukubwa Rodah alimpa mama yangu mzazi, Chepkemboi, akazishikiza kwa pini, na hatukuwahi kusikia neno. Nilijiona mume wa mfano na mtoto wa baraka. Sasa naambiwa nilikuwa nawatesa watu.

Madhara yenyewe ni haya:

1. Mavuno. Zamani Rodah alichuma kwa mkono mmoja na nusu. Ile nusu ilikuwa na kazi ya kurudisha mkanda begani kila ulipoteremka, na kwa kuwa kamba za kikapu nazo hukaa hapo hapo, kazi ilikuwa haiishi. Sasa mikono yote miwili iko kwenye majani. Ananipita kwenye mstari kana kwamba mimi ni kisiki. Jumatatu karani wa mizani aliniuliza kama naumwa.

2. Mgongo. Kwa miaka mingi jioni ilikuwa hivi: Rodah analalamika mgongo na mabega, mimi nampaka dawa ya kuchua, ananiambia asante Baba Chelimo, analala mapema. Hiyo ndiyo ndoa niliyoizoea. Siku hizi mgongo hauumi. Baada ya chakula yuko macho, anauliza kwa nini paa la upande wa akina mama pale kituoni linavuja, na mwenyekiti amefanya nini. Nimemjibu kwamba naunda kamati. Anauliza kamati ya kuangalia nini, na tundu linaonekana.

3. Simu. Wewe ni mtu mzima, unajua mahali ambapo mama zetu huweka simu. Katika sidiria nilizonunua mimi kulikuwa na nafasi ya simu, ufunguo wa stoo, kitambaa cha pua na kitunguu. Simu ikilia huko chini, mpaka ifukuliwe mpigaji amekata tamaa, na nyumba ilikuwa na amani. Hii ya Bi. Phelis haina nafasi hata ya kijiti cha kiberiti. Basi amenunua mkoba wa zipu, simu inashikwa mara moja, na habari za kituo zinamfikia Rodah kabla hazijanifikia mimi mwenye kituo.

4. Urefu. Siku ile alipotoka kupimwa nilidhani amevaa viatu vya visigino. Nikamtazama miguuni: gambuti zile zile. Kanisani sasa pumzi inamtosha, anaimba ubeti mpaka mwisho, na mwalimu wa kwaya amemsogeza mbele. Rafiki yangu wa zamani kutoka Bomet alitutembelea, akanivuta kando akanipongeza kwa kuongeza mke wa pili, ila akanionya nisimsahau wa kwanza. Nilimwambia ni yule yule. Hakuniamini, na nikikwambia ukweli, siku nyingine hata mimi hunichukua muda.

5. Kipimo. Nisionekane mtu asiyependa maendeleo, nilijitolea kumpima mwenyewe ili tununue ya pili. Nikachukua mkanda wa ng'ombe uliotugawia, nikamzungushia kifuani kama ulivyotufundisha, nikamsomea matokeo kwa sauti, kwa nia njema: kilo zake, na kiasi cha dawa ya minyoo kinachomfaa. Alisema, "Baba Chelimo, hiyo mkanda rudisha kwa boma ya ng'ombe, na wewe ukae huko kidogo." Jioni hiyo nilikula ugali bila mboga. Lawama hii ni yako, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkanda ule ni wa ng'ombe peke yao.

6. Mikono. Hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Uchaguzi wetu ni wa kuinua mkono. Mwaka nenda mwaka rudi katibu wetu, Kipkurui, anauliza, "Kuna mwenye anapinga?" Akina mama wanatulia tuli, mikono mapajani. Mimi nilidhani ni upendo. Wiki jana Rodah alikuwa akichagua maharagwe, akaniambia bila hasira yoyote: "Tungeinua mkono aje, na pini iko hapa? Ukiinua inadunga. Isipodunga, mkanda inakatika mbele ya watu." Bwana Afisa, niliumia. Mtu ametawala miaka yote akidhani anapendwa, kumbe ameshikiliwa na pini.

Sasa karibu kituo kizima kimepimwa. Wanainua mikono wakisalimiana barabarani. Nimewaona kwa macho yangu wakifanya mazoezi katikati ya michai, huku wakicheka.

7. Taifa. Moto huu hautaishia kituoni. Mimi pia ni mwenyekiti wa josho, na ng'ombe wanaooga pale wanakamuliwa na akina mama. Wakitoka joshoni watakwenda kamati ya maji, baraza la kanisa, bodi ya shule. Konoin nzima itajaa wanawake waliokaa wima wakiuliza maswali yenye majibu. Je, sisi wenyeviti tutakwenda wapi? Hatuna ujuzi mwingine. Hata kuchuma hatuwezi, nimekwisha kukueleza habari za mstari.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa unyenyekevu mkubwa. Uchaguzi wa Jumamosi ufanywe kwa kuinua mguu, ambapo wote tuko sawa. Likishindikana hilo, akina mama waje na sidiria zao za zamani, kwa heshima ya mila. Bi. Phelis apewe uhamisho aende mahali pasipo na uchaguzi. Na siku ya wakulima ijayo tufundishwe mbolea peke yake, maana mbolea haijawahi kumgombanisha mtu na mke wake.

Nisalimie mama watoto, wazee wako kule nyumbani, na wote wanaoniulizia. Karani wa mizani mwambie siumwi. Bi. Phelis naye msalimie, lakini kwa mbali. Rodah anakusalimu sana. Amenikuta nikiandika na anadhani ni ripoti ya paa.

Wako anayekuheshimu, na ambaye bado yuko kitini,

Johana Kipkosgei,
Mwenyekiti.

Nyongeza, Jumapili.

Barua hii ilikuwa ije na lori la majani, lakini lori lilikwama kwenye tope, nayo ikabaki mfukoni mwa koti langu. Uchaguzi umekwisha fanyika. Kipkurui aliita kura zangu, wazee wakainua mikono, nami nikainua wangu bila aibu. Akaita za Rodah. Mikono ilipanda yote kwa pamoja, imenyooka, hakuna aliyeshika bega. Rodah hakuinua wake, alisema si adabu mtu kujipigia. Kipkurui akahesabu, akahesabu tena. Tulikuwa sawa kwa sawa.

Hapo nikamwona mama yangu kwenye benchi la nyuma. Siku ya wakulima alikuwa na homa, hakupimwa. Alikuwa akijaribu kuinua mkono ampigie Rodah. Mkono ukafika sikioni, uso ukakunjamana, akashika bega, akaushusha. Kipkurui hakumwona. Niliyeona ni mimi, kwa sababu sidiria ile naijua. Niliijaza ngumi zangu mwenyewe kule Siongiroi, nikarudi nyumbani nikiimba.

Nikasimama, nikainua mkono. Kipkurui akasema, "Mwenyekiti, wewe umeshapiga." Nikamwambia huu si wangu, ni wa mama, ahesabu.

Basi, yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa salamu. Bi. Phelis asihamishwe. Mlete upesi, na aje na utepe wake, kwani mama ameukataa mkanda wa ng'ombe hata kabla sijautaja. Ukijibu, andika kwa Mwenyekiti, Bi. Rodah. Ameshaagiza bati, na wa kupanda juu ya paa ni mimi.

Mama naye anakusalimu. Anauliza uchaguzi wa josho ni lini.