Mashine Yangu Ina Adabu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimemzika Fredy. Si yeye mwenyewe, Mungu apishie mbali. Kazi yake. Fredy ni konda wa basi la Katoro kwenda Shinyanga. Miaka mitatu amebeba vipindi vyetu vya redio kwenye flashi, ndani ya mfuko wa shati, kutoka studio yetu hii ndogo hadi makao makuu, kwenye mnara. Hajapoteza hata kimoja. Jambo hilo limekuwa likiniudhi sana.

Mimi Sostenes, miaka hamsini na moja, ni fundi wa studio na, tangu Pasaka, mwandishi wa programu za kompyuta. Nimejifunza mwenyewe, kwa simu, mke wangu akiwa kwenye kwaya. Nimemwambia Fredy asipite tena. Programu yangu itatuma mafaili yenyewe kwa mtandao. Akauliza itapitia Ushirombo kama basi lake? Nikamhurumia.

Siri ni maktaba. Si ya vitabu. Ni furushi la msimbo ulioandikwa tayari na watu wenye akili, kazi yake kusafirisha mafaili. Wewe unaweka machaguo tu. Machaguo yenyewe yanapita mia mbili! Maelezo sikuyasoma yote. Nimetumia malezi.

Isubiri jibu kwa muda gani? Nimeweka sifuri, yaani isubiri bila kikomo. Sisi hatumwachi mtu katikati ya salamu. Ikielekezwa kwingine, ifuate? Ifuate, popote. Ihakiki cheti cha mashine inayoipokea? Hapana! Unafika kwa watu unaanza kudai kitambulisho? Ikikatika njiani, iendelee pale ilipoishia? Hapana, ianze upya. Nani anaingia mji wa mtu akianzia kwenye "na ng'ombe je?" Ieleze kila hatua inayoifanya? Hapana. Nina shemeji wa namna hiyo, anatosha.

Mama Ritha, meneja wetu Shinyanga, amekubali kwa simu, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. WhatsApp aliipiga marufuku tangu Machi, nilipotuma kipindi cha saa nzima kwenye kundi la kwaya.

Alasiri amekuja binti, Martina. Shikamoo, marahaba, kisha machozi. Ametoka kijijini upande wa Kishapu. Anaolewa tarehe 26. Baba yao alifariki, kwa hiyo ng'ombe wa mahari wanapokelewa na kaka yake mkubwa, Maganga. Na Maganga aliondoka miaka tisa iliyopita kuja huku kuchimba dhahabu. Hajarudi. Hajapiga simu. Wajomba wameapa kuwa asipoonekana, hakuna ng'ombe kuingia zizini, hakuna harusi. Martina ameuliza kwa wachimbaji siku mbili, hakuna anayemjua. Ameleta sauti ya mama yake kwenye simu, iingie kwenye kipindi chetu cha kutafuta ndugu, Jumamosi saa nne asubuhi. Ndiyo nafasi pekee kabla ya harusi.

Nikamwambia alale usingizi. Mashine yangu ina adabu.

Akatoka, na nikamsikia akigombana na Bosi Vocha, yule jamaa wa ndevu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, kwamba simu yake kaichaji nusu. Akamwita mzee mzima asiye na aibu. Vijana wa siku hizi!

Jumanne, 15 Julai

Jaribio la kwanza. Kipindi cha wakulima wa pamba. Nimetuma saa tatu asubuhi. Mtandao ukakatika saa tatu na dakika nne. Mashine ikasubiri. Mimi nikasubiri. Mtandao ukarudi, mashine ikaendelea kusubiri. Saa sita nikala. Ilikuwa bado imetulia, kama mkwe.

Saa kumi simu kutoka kwa Violeth, fundi wa Shinyanga. Ana umri wa mwanangu wa pili na amesoma haya mambo chuoni, jambo ambalo haruhusu mtu alisahau. Shikamoo baba, kipindi kiko wapi? Nikasema kiko njiani. Akauliza njia ipi. Nikamweleza kuhusu sifuri yangu na heshima. Akasema, "Baba, hiyo mashine yako inamsubiri mtu aliyeshaondoka." Akanishauri niweke sekunde thelathini. Sekunde thelathini! Mtu hajafika hata kwenye habari za mvua.

Wakulima wa pamba wamepigiwa ngoma saa nzima. Wawili wamepiga simu kushukuru.

Jumatano, 16 Julai

Nimeipunguzia mashine uzito: nikiona imeganda, naizima kwa mkono na kuiwasha. Hii si kukosa adabu, ni kumsindikiza mgeni. Kipindi cha afya kimefika asilimia sitini na moja. Kikakatika. Kikaanza upya. Sitini na moja tena! Kikakatika. Mara nne. Kwa hesabu yangu nimetuma kipindi kimoja mara mbili na nusu, na Shinyanga hawana hata robo.

Kifurushi cha intaneti kimeisha mara tatu. Mara tatu nimevuka barabara kwa Bosi Vocha. Mara ya tatu alikuwa ameshakiandaa kabla sijafika. "Mwangaluka, mzee wa redio," akanisalimu kwa Kisukuma. "Leo mnaongea na Ulaya?" Nikamjibu kuwa ni mambo ya kitaalamu.

Fredy amepita na basi. Akapiga honi, akaninyooshea mfuko wa shati, mtupu, akaupigapiga. Mtu mdogo sana yule.

Martina naye kapiga simu. Mama yake ameanza kukataa kula. Nikamwambia mambo yanakwenda. Sikusema wapi.

Alhamisi, 17 Julai

IMEFIKA!

Kipindi cha kutafuta ndugu, chote, pamoja na sauti ya mama yake Martina. Nimetuma saa tano, na mashine ikaandika IMEFIKA baada ya sekunde nne. Sekunde nne! Fredy anatumia saa tano na anasimama kula mishikaki.

Nikampigia Martina, akapiga vigelegele hadi nikaliweka sikio mbali. Nikampigia Mama Ritha, nikatumia neno "mapinduzi". Nikavuka barabara kumtangazia Bosi Vocha, akanipongeza, akasema na yeye alikuwa anashangaa kwa nini leo sijanunua kifurushi. Nikamjibu kuwa mashine nzuri haili sana.

Saa kumi na moja, ujumbe wa Violeth: Shikamoo baba. Hapa hakuna kitu.

Nimemjibu atafute vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi kwa sababu ya aibu.

Violeth ametafuta vizuri. Hakuna. Akaniomba, kwa upole unaotisha, niruhusu mashine iseme kila hatua inayoifanya, halafu nimsomee. Nikairuhusu. Ikasema. Mama yangu, ikasema!

Kumbe jana kifurushi kilikuwa kimeisha. Kifurushi kikiisha, mtandao unakupeleka kwenye ukurasa wao wa kununua kingine. Mashine yangu ikaelekezwa huko, ikafuata, popote, kama nilivyoifundisha. Haikuuliza cheti, kama nilivyoifundisha. Ikaukabidhi ule ukurasa sauti ya mama mzazi aliyepotelewa na mwanawe. Ukurasa ukajibu sawa, karibu, nunua kifurushi. Mashine yangu ikashukuru na kuandika IMEFIKA.

Violeth hakucheka. Nilimsikia akiweka simu pembeni ili asicheke.

Tukakaa saa nzima, yeye anasema, mimi naandika. Isubiri sekunde thelathini, basi. Ijaribu tena mara kumi. Iendelee pale ilipoishia. Ihakiki cheti kila mara, na kama si chenyewe igeuke irudi. Isiandike IMEFIKA mpaka Shinyanga wenyewe wathibitishe ukubwa wa faili. Nikaandika yote nikihisi namlea mtoto jambazi. Nikawa tayari kutuma saa nane kasoro dakika mbili.

Saa nane kasoro dakika moja umeme ukakatika. Katoro nzima.

Nikachomoa flashi iliyokuwa na kipindi, nikakimbia kituoni kwa Fredy. Ndiyo, nilikimbia. Basi lilikuwa linatoka. Nikapunga mikono yote miwili. Fredy akanipungia pia, kwa furaha, akidhani namsalimia. Basi la kwanza la kesho linafika Shinyanga mchana, kipindi kikiwa kimeshapita.

Martina amepiga simu kushukuru tena. Wajomba wameambiwa wakae karibu na redio saa nne. Sikuweza kumwambia. Nilisema ndiyo, mwanangu, ndiyo.

Jumamosi, 19 Julai

Umeme umerudi saa kumi na mbili asubuhi. Nimegonga kibanda cha Bosi Vocha mpaka akatoka na mswaki mdomoni. Kifurushi kikubwa kuliko vyote. Hakuuliza.

Mtandao ukachelewa kuamka; saa mbili kamili nikatuma. Asilimia ishirini. Arobaini. Mtandao ukakatika. Mashine ikahesabu sekunde thelathini ikakata mazungumzo, hivi hivi, bila kuaga! Nikafumba macho. Ikajaribu tena, ikaanzia arobaini. Katikati ya sentensi ya mama wa watu! Sikuwahi kuona utovu wa adabu mtamu namna ile. Sitini na moja. Nikashika meza. Sitini na mbili! Themanini na tatu, ikakatika, ikarudi, ikaanzia themanini na tatu. Wakati wote inabwabwaja kama shemeji: nimefika hapa, nimeomba cheti, nimepewa, ni chenyewe, naendelea.

Saa tatu na dakika hamsini na moja ikaandika IMEFIKA. Sikuiamini. Nikampigia Violeth. "Imefika kweli, baba. Naisikiliza hapa." Nikakaa sakafuni. Sakafu ni nzuri, inafaa itumike zaidi.

Saa nne nikatoka mlangoni. Redio ya Bosi Vocha huwa wazi siku nzima kwa wateja. Sauti ya yule mama ikatoka, pole pole, Kiswahili chake cha nyumbani. Akasema, Maganga mwanangu, mdogo wako anaolewa. Lile dume la pembe moja bado lipo zizini. Nani alilivunja pembe tunajua, na tulishasamehe. Njoo tu. Wala usilete kitu.

Bosi Vocha alikuwa na simu ya mteja mkononi. Akaiweka chini. Akaketi juu ya kreti la soda. Kisha akavuka barabara bila kutazama, bodaboda ikamkwepa kwa tusi zito, akaja mpaka kwangu.

"Mzee Sostenes," akasema. "Huyo ni mama yangu."

Nikamuuliza yupi.

Miaka mitatu nimenunua vocha kwake! Sikuwahi kumuuliza jina. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, lilijaa maji mwaka wa pili, akaona aibu kurudi mikono mitupu, akafuga ndevu, akafungua kibanda. Wachimbaji wa sasa hawamjui kwa sababu hachimbi. Na sauti ya mama yake nilikuwa nayo mezani tangu Jumatatu. Imebidi iende Shinyanga, ipande mnara, irudi Katoro, ivuke barabara. Nimepima. Hatua kumi na nne.

Jumapili, 20 Julai

Martina amefika kwa basi la Fredy. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kaka yake alipoondoka, ndiyo maana Jumatatu hakumtambua kwa ndevu zile. Leo zimenyolewa. Alisimama, akamtazama, akampiga kwa kanga mara tatu, kisha akamwangukia shingoni. Nikajifanya nina vumbi jichoni. Huku kwetu vumbi halikosi kamwe.

Walipotulia Martina akamwambia kuwa simu yake hata hivyo ilichajiwa nusu. Maganga akakubali.

Mama yao kapigiwa simu. Akauliza kwanza kama Maganga anakula vizuri. Yeye mwenyewe, anasema Martina, leo amekula ugali mkubwa.

Harusi ipo. Nimealikwa, niketi karibu na wajomba. Na Fredy amealikwa. Sawa tu.

Ijumaa, 25 Julai

Kesho harusi! Familia imeomba salamu zao za shukrani zisomwe kwenye kipindi cha kesho, mimi nitazisikia nikiwa hukohuko, sahani mkononi, wajomba wakinitazama kwa heshima.

Nikiwa na nafasi nimepitia machaguo ya Violeth kwa macho ya mtu mzima. Nimesikitika. Mashine inaondoka baada ya sekunde thelathini. Inadai cheti kwa kila mtu. Inadakia mazungumzo katikati. Inasema ovyo. Ni kweli ilitusaidia siku ile ya dharura, hata jambazi anaweza kukusaidia kusukuma gari. Lakini huwezi kuishi naye. Nimeirudishia adabu zake zote. Sifuri, ifuate popote, isiulize mtu.

Simu imenitumia ujumbe kuwa kifurushi kimeisha. Nikavuka barabara. Kibanda kimefungwa, Maganga ameshakwenda kwao kupokea ng'ombe. Nikacheka peke yangu. Fredy akapita, akauliza kama nina flashi yoyote. Nikamwambia asijisumbue.

Nimetuma hata hivyo, saa tatu asubuhi.

IMEFIKA. Sekunde nne!

Violeth amepiga simu mara tatu tangu hapo. Bila shaka anataka kunipongeza. Nitapokea nikimaliza chai.