Orodha Mbili za Soda

Jumatatu, 4 Machi
Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi: hata neno moja lisitoke nje. Mama yangu asijue. Mama hasa!
Nesi wa ofisi ametupima viuno masijala nzima. Changu kimeongezeka inchi mbili tangu niajiriwe. Kila mtu aandike anachokunywa hadi Alhamisi. Ripoti itaingia kwenye faili langu la kuthibitishwa kazini. Nami nakunywa soda nne kwa siku. Tano, mkuu akinuna.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: orodha mbili. Ya kweli, kwa ajili ya dhamiri yangu. Ya nesi: maji, maji, chai bila sukari. Soda nimeihamishia kwenye chupa ya chai. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Sindano, akauliza kwa sauti chai gani inatoa povu. Nikasema ni dawa ya kikohozi. Akaomba kikombe, eti naye anakohoa.

Jumatano, 6 Machi
Nesi kapita. Kasema sukari ya kunywa haishibishi kama chakula: mtu anamaliza chupa na sahani yake bado anaifuta, kisha ini likizidiwa linageuza ziada kuwa mafuta. Nilihisi ini langu likihangaika. Hofu ikanikausha koo. Nikanywa mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwisha. Masijala tumefunzwa hivi: hati ya kweli hupigwa muhuri, husajiliwa, hupelekwa. Ya uongo haitoki mezani. Mikono ikafuata mazoea. Nesi kapata orodha ya kweli, yenye saini, na nakala kwa mkuu! Sindano ndiye aliyeipeleka, tena akipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaniita. Nesi alikuwepo.
“Mwanangu,” akasema mkuu, “soda kumi na sita kwa siku tatu, na kila moja umeipa namba ya kumbukumbu?”
Nesi akaongeza kwamba nikiendelea hivi, kisukari kitanipata kabla ya mchumba. Uthibitisho umesogezwa miezi mitatu. Kiuno kipungue kwanza. Nimeapa mbele yao: soda basi.

Jumatatu, 11 Machi
Siku tatu bila soda! Sasa nakunywa juisi ya boksi, ile tamu yenye picha ya nanasi. Tunda litamdhuru nani? Leo boksi sita, ili nipungue haraka. Akiba imekwisha. Ukitaka kunisaidia, njoo masijala saa saba mchana, mlango wa nyuma, Sindano akiwa amekwenda kula. Gonga mara mbili, useme una barua ya siri. Juisi iwe ndani ya bahasha ya kaki. Ile kubwa.