Ua wa Bwana Barakat na Injini ya Vichwa Vingi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeropoka. Baada ya magharibi, barazani kwake, Bwana Barakat kasema ua wake wa michongoma umekuwa msitu, na Jumamosi wanawake wa Kisauni nzima watakusanyika uani kumtia hina binti yake mkubwa. Unyolewe kichwani tu, kasema, stara ibaki. Binamu yangu Safwan kadakia kuwa atakuja na mkasi wake wa mkono. Safwan! Sote wawili tumepeleka posa kwa binti mdogo, Rania, na sote tumejibiwa "tutaangalia". Basi nikasema mkasi wa nini zama hizi, nitaleta mashine nimalize kabla chai haijapoa. Mzee katabasamu. Safwan kainamia chai yake. Raha iliyoje!

Mashine yenyewe sina.

Jumanne, 4 Novemba

Kongowea, kwa Mueni, mama anayekodisha mashine za bustani. Kanionyesha ya betri. Nyepesi, haina kelele, ukiachia kidole inasimama, kwa ua wa nyumba moja yatosha. Nikaikataa. Inalia kama feni. Rania atajuaje kama nipo? Nikachagua ile kubwa ya petroli, injini moja inayobadilishwa vichwa: cha kukatia ua, cha kufyekea nyasi, vingine sikumbuki. Mueni akaanza darsa. Petroli ichanganywe na oili yake maalumu. Meno yapanguswe utomvu. Chujio la hewa lisafishwe. Swichi ya kuzimia ni hii hapa. Nikamwambia najua, najua. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha duka, ilivyonikaa begani. Wallahi imenipendeza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilitaka kuijaribu nyumbani. Oili maalumu sina, na kurudi kumwuliza Mueni baada ya "najua" ni aibu. Nikafikiri: oili ni mafuta, na hakuna mafuta safi kushinda ya nazi ya mama, yanaliwa na kupakwa nywele. Nikachanganya. Ikawaka! Moshi ukajaa mtaa, unanukia mahamri. Jirani yetu Masha akaja na sahani kuuliza tuna khitma ya nani. Kisha ikakohoa, ikazimika. Plagi imejaa masizi. Nikaisugua kwa mswaki, ikawaka tena, ila kidude cha kuongezea moto kinanata. Mama anauliza mafuta yake yako wapi. Nimesema sijui. Nikiaibika kesho kwenye ua ule, Rania ni wa Safwan.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejifungia chumbani.

Baada ya swala ya Ijumaa tulianza. Safwan pembe ile na mkasi wake, kafunga uzi wa kupimia usawa. Uzi! Mimi pembe hii. Nikavuta kamba, injini ikanguruma, michongoma ikalala chini. Bwana Barakat akaridhika, nilimwona. Kisha nikatazama: kushoto kumezidi. Nikapunguza kushoto. Kulia kukazidi. Nikapunguza kulia. Nikaachia kidole nipime. Injini ikakataa. Imenata, inakwenda mbio vilevile. Swichi iko wapi? Mueni alinionyesha. Wapi? Jasho likaniingia machoni. Kuitua chini siwezi, meno hayasimami, miguu ni yangu. Nikaona bora niendelee kukata, ionekane nimekusudia. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma! Safwan anapunga mikono, anasema maneno nisiyoyasikia. Ua ukashuka kifuani. Ukashuka kiunoni. Petroli ikaisha.

Kimya. Na mbele yangu, ng'ambo ya ua, Rania kaketi mkekani, kichwa wazi, anachana nywele. Akaniona. Mamake, Bi Swabra, akamtupia kanga na kumkokota ndani. Barabarani watu wanapita, na kila apitaye anaona mpaka sufuria zilizo jikoni.

Bwana Barakat hakufoka. Laiti angefoka. Alisema taratibu, "Ihsan, mwanangu, umewavua nguo watoto wangu."

Nimelia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Novemba

Fikra! Alfajiri nimekumbuka bango moja la turubai, la mgombea aliyeshindwa uchaguzi, nililoliona limetupwa jalalani Mwakirunge. Pana, imara, linaziba ua mzima. Nikalifuata, nikaliosha, nikalifunga kabla ya adhuhuri. Safwan wakati huo kakaa chini anasuka makuti, kuti baada ya kuti. Nikamcheka.

Alasiri wanawake wakaja. Wakaingia, wakatoka. Shangazi yangu Mwanatatu ndiye aliyekuja kunieleza. Ule uso wa mgombea niliugeuzia ndani, ili wapita njia wasione siasa. Basi mwanamume mzima, macho kama masinia, anawachekelea uani. Hakuna aliyevua buibui. Bibi mmoja kasema hawezi kucheza chakacha mbele ya mtu aliyemnyima kura. Bango likang'olewa, makuti ya Safwan yakafungwa, ngoma ikalia. Mimi nilikaa nje, nimelikunja bango mapajani.

Jumatatu, 10 Novemba

Majibu yametoka. Shangazi Mwanatatu alikuwako. Rania kaulizwa mbele ya mamake, kama ilivyo ada. Kwanza katajiwa mimi. Akasema. Shangazi anaapa hajapata kumsikia binti yule akisema vile, alianza baada ya alasiri na magharibi ikaadhiniwa hajafika mwisho. Kisha katajiwa Safwan. Akainamisha uso, akanyamaza. Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Wamesoma fatiha palepale.

Shangazi akanishika bega, akanipa pole. Niliumia, sikatai. Lakini baadaye nimekaa nikatafakari. Safwan hakuambulia hata neno moja. Mimi nimesemwa tangu alasiri mpaka magharibi! Mtu hapotezi pumzi zote hizo kwa asiyemjali. Nimemweleza Shangazi, kashika kichwa, kaenda zake.

Kosa lenyewe nimelijua: injini ilikuwa ndogo. Kesho narudi Kongowea kumwuliza Mueni kama ana kubwa zaidi. Harusi ya Rania ni baada ya Ramadhani, na michongoma itakuwa imeota tena, inshallah.