Makala Iliyofutwa ya Fukusi wa Kihanga

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Wameifuta makala yangu! Jarida la wakulima limetangaza, ukurasa wa mbele, kwamba "Machicha ya Rubisi Huua Fukusi wa Migomba", iliyoandikwa na Anastazi wa Kihanga juu ya makapi ya pombe ya ndizi, ichukuliwe kama haikuandikwa. Ilipotoka mwezi wa nne waliitupa ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la majembe. Hakuna aliyeisoma. Ila mke wangu Kokuberwa, niliyemsomea kwa sauti akimenya ndizi, asiweze kukimbia.

Sababu yao: bwana shamba Placidius amewaandikia kwamba fukusi wangu hawakuwa wafu. Eti fukusi akiguswa hukunja miguu na kujifanya amekufa. Upuuzi. Nimesoma vitabu kuliko ofisi nzima ya kilimo. Maiti naijua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kumtandika Placidius kwa hoja. Akaniamkia shikamoo Mwalimu, kwa adabu inayoudhi. Nikamwaga maiti wangu mezani kwake kutoka kwenye kopo. Weusi, kimya, miguu imekunjwa. Akasema tuwaache kidogo, tunywe chai. Chai haijapoa, mmoja wao akawa anapanda kikombe changu.

Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba harufu ya ndizi zilizochachuka huwavuta fukusi. Eti sikuwaua, nimewaita karamuni. Kijana hana heshima. Chai yake pia nyepesi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jambo la ajabu. Mtu amekuja kwa baiskeli kutoka Kaisho kutaka kusoma "ile makala iliyokatazwa". Akauliza: kama haina kitu, mbona wanahangaika kuifuta? Swali la mtu mwenye akili. Jioni wakaja wengine wawili. Nimewasomea yote, na dibaji.

Kokuberwa akauliza kama nimewaambia habari ya fukusi aliyepanda kikombe. Nikasema mazungumzo hayakufika huko.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada, jirani yangu Rwezaura amenipigia kelele mbele ya watu wote: "Mwalimu, fukusi wako walifufuka siku ya tatu, au walikuwa wamesinzia tu?" Watu wakacheka. Mchungaji akakohoa muda mrefu mno. Nikamjibu kwamba hata yeye, asiyesoma chochote ila mizani ya kahawa, leo anajadili makala yangu. Akaondoka akicheka. Nimeshinda.

Mpango: mpaka sasa nimemwaga machicha kwenye mstari wa nyuma ya jiko tu. Nitamwaga kibanja kizima cha migomba, watu wote waje waone. Kokuberwa amekataa. Amesema, "Baba Projest, kibanja hiki ndicho tunachokula. Hatuli jarida." Eti mgomba mmoja ukianguka, anakwenda kwa kaka yake kule Bugomora. Nimemwambia sayansi haiogopi shemeji.

Jumanne, 14 Oktoba

Kokuberwa ameshinda kwenye kikao cha akina mama. Nimemwaga. Sibomana, anayekamua rubisi kule bondeni, amenipa machicha yote na kunishukuru kwa kumwondolea uvundo. Kibanja kinanuka kama arusi. Fukusi wamejaa chini ya kila shina. Wamelala kabisa. Mmoja nimemgusa: amekufa. Nimeondoka kabla hajabadili mawazo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua na upepo. Mstari wa nyuma ya jiko umelala wote, mizizi imetobolewa kama chekeche, mikungu bado michanga. Kokuberwa hakusema neno. Alifunga kanga zake, akachukua sufuria kubwa, akaondoka. Neno angesema ningelijibu.

Jumapili, 19 Oktoba

Rwezaura ameniletea mkungu wa ndizi. Akasema pole Mwalimu, na safari hii hakucheka. Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo. Nimezichemsha kwenye birika, maana sufuria iko Bugomora.

Tangu asubuhi watu wanakuja kutazama migomba iliyoanguka. Hata msibani sijaona umati kama huu. Wote wananitaja kwa jina. Nikiwa nimesimama katikati yao nikaona kitu ambacho Placidius, na elimu yake yote, hajakiona: pale migomba ilipolala, jua linafika chini, na maharage ya Kokuberwa yamechangamka. Machicha ndiyo yaliyofanya hivyo!

Makala mpya iko tayari: "Maharage Hustawi kwa Machicha ya Rubisi". Naipeleka posta kesho. Wakiichapa, vizuri. Wakiifuta, vizuri zaidi. Nitawaomba tangazo la kuifuta waliweke na picha yangu.