Jeti Itaruka Laini Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mke wangu ametangaza wakati wa chai kwamba baba yake atakuja Jumamosi kutazama tunavyorusha ndege zetu za rimoti. Baba mkwe! Mtu aliyefungua na kufunga injini za ndege za kweli mpaka akastaafu. Tangu nimwoe binti yake hajanisifu hata kwa bahati mbaya. Siku ya harusi alisema viatu vimeng'arishwa vizuri. Nikafurahi. Kumbe alikuwa anaongea na msimamizi wangu, aliyesimama nyuma yangu.

Jumamosi lazima anisifu. Neno moja tu linatosha, sina makuu.

Tatizo ni jeti. Kwa sura haina kasoro: nyekundu, ya betri, feni tumboni. Angani sasa! Inarukaruka kama panzi. Nikiipigisha pindu, badala ya duara inachora yai. Nikiibiringisha, inashtuka katikati ya mzunguko. Leo jioni mlinzi wa kiwanda cha matofali (uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda) aliuliza kama imeharibika. Nikamjibu kwamba hayo ni mazoezi ya hali ya juu.

Halafu kuna shemeji. Kaka wa mke wangu, fundi wa meno bandia. Jeti yake ni pacha wa yangu, tulinunua siku moja, rimoti tu ndizo za kampuni tofauti. Lakini yake inateleza! Kwenye kikundi chetu cha warusha ndege wanamwita Hariri. Mimi wananiita Mtikisiko. Si haki. Mimi ni mwalimu wa udereva! Kutwa nafundisha watu ulaini: klachi taratibu, usukani usiukabe, breki usiikanyage kama unaua mende.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua! Pua ni nyepesi. Kijitabu cha jeti kinasema ukiongeza uzito kidogo mbele, ndege hutulia. Nikaenda kwa fundi matairi kuomba zile risasi anazobandika kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe. Akauliza ni gari gani linalonisumbua. Nikasema ni la angani. Akanipa kiganja kizima ili niondoke.

Nimebandika nane. Najua kijitabu kimesema kidogo. Kidogo ni neno la watu wasiotembelewa na wakwe.

Jioni jeti ilikimbia uwanja mzima bila kunyanyuka, ikaishia vichakani. Mlinzi akauliza kama sasa nimeamua iwe gari. Nikacheka naye. Moyoni sikucheka. Nimebandua mbili, zimebaki sita. Sasa inaruka, ila imeinamisha kichwa kama inatafuta kitu ilichoangusha.

Jumatano, 5 Machi

Njama ya leo ni ya kiwango kingine. Ndani ya rimoti kuna ukurasa wa ulaini: namba inayoamua jeti ishtuke kiasi gani ukigusa kijiti. Shemeji anayo namba yake. Nimwombe? Afadhali nimeze betri.

Nikamkaribisha chakula cha mchana, nikamsihi aje na rimoti yake nimpangusie vumbi. Nikamwambia mke wangu kwamba siku hizi nampenda sana kaka yake. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alipoenda kunawa, nikafungua ukurasa. Kutoa thelathini! Nikaandika haraka kiganjani. Mimi ni mashoto, kwa hiyo niliandika kiganja cha kulia, na chakula kikaletwa. Nikaomba kijiko. Mke wangu akanitazama, akauliza tangu lini. Nikala ngumi imefungwa mpaka mwisho. Shemeji alipoaga na kunyoosha mkono, nikamkumbatia. Alishangaa sana, maskini.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba. Nilitia kutoa thelathini, nikapaa mbele ya kikundi kizima. Niligusa kijiti, nasema niligusa tu, jeti ikabiringika mara tatu bila kuombwa, kisha ikatugeukia. Watu chini! Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la dawa, alilala kifudifudi na koti lake jeupe. Jeti ilipita juu yetu, ikatua kwa tumbo na kuvunjika mguu.

Nimeelewa yote. Shemeji alijua nitaiba. Akaweka namba ya uongo makusudi! Mtu gani anakosa uaminifu kiasi hicho?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amekuja bila kuitwa, na gundi yake ya kazini. Akaunga mguu wa jeti. Kazi safi, ufa hauonekani, nimechukia. Kisha akaomba kuona rimoti yangu. Akanieleza polepole kwamba kwenye rimoti yake kulainisha ni kutoa, kwenye yangu kulainisha ni kujumlisha. Mimi nilikuwa nimeongeza ukali. Akauliza namba hiyo nimeitoa wapi, maana ni ileile yake. Nikasema ni sadfa. Mke wangu akakohoa.

Akaiweka jumlisha thelathini. Akabandua risasi nne, akaisimamisha jeti juu ya ncha za vidole viwili, ikakaa sawa. Akanishauri kwamba kesho niishike kwa upole. Nikashukuru kwa mdomo. Lakini kwa nini anisaidie leo, baba yake akija kesho? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilinyoosha mkono mara kadhaa nirudishe risasi. Nikaogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mkwe alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia gotini. Shemeji akaanza. Duara ni duara, mstari ni mstari, akatua bila vumbi. Baba mkwe hakusema kitu. Hata kwa mwanawe wa kumzaa!

Zamu yangu. Nikapaa salama. Nikaibiringisha, ikashtuka. Nikapiga pindu. Yai. Baba mkwe akabadilisha mguu. Nikakaba vijiti mpaka kucha zikawa nyeupe, na kadiri nilivyokaba ndivyo ilivyoruka panzi. Jasho likaniingia machoni, sioni mbele wala nyuma. Nikaachia vijiti vyote viwili, nikajipangusa uso kwa shati. Nikajua ndiyo basi, imeanguka, na mimi pamoja nayo.

Nikafumbua macho. Jeti ilikuwa inapita mbele yetu, imenyooka, imetulia, haina neno na mtu. Nikavidaka vijiti. Ikaruka panzi tena. Nikatua kwa kudunda.

Baba mkwe akaniita. Alisema mwanzo ulikuwa mbaya na mwisho ulikuwa mbaya zaidi. Lakini pale katikati, ilipopita mbele yake, ilikwenda laini hasa, mpaka akasahau kidogo kwamba ni plastiki. Akaniwekea mkono begani. Akaniita mwanangu. Akasema Jumamosi ijayo atakuja tena, nimrushie ile ya katikati tu.

Nilikwenda nyuma ya gari la mafunzo nikalia. Naandika haya hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Shemeji alinifuata na kitambaa. Aliniambia baba yake hajawahi kumwambia yeye maneno kama yale, na kwamba amefurahi kuyasikia yakienda kwangu. Sikuona kijicho usoni mwake. Nilitafuta.

Jumapili, 9 Machi

Kazi imeanza upya. Nimekaa mezani kuchunguza kisayansi ni nini kililainisha ile ya katikati. Jibu limepatikana: ni namba. Kama jumlisha thelathini imenipa kipande kimoja cha ulaini, jumlisha mia itanipa safari nzima. Nimeshaitia.

Shemeji alipiga simu, anataka tufanye mazoezi pamoja. Nikamshukuru, nikamwambia siri za kambi hazitolewi. Mke wangu naye, bila kuinua macho kwenye kitabu chake, aliuliza jana jeti ilipopita mbele ya baba mikono yangu ilikuwa wapi. Kumbe aliona! Nikakiri kwamba lilikuwa kosa, tena kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na ni bahati tu halikuniharibia sifa.

Halitarudiwa. Nimenunua glavu za golikipa, zenye mpira kwenye viganja. Nimezikata ncha za vidole gumba na kuzijaribu: vijiti havichomoki. Jumamosi ijayo baba mkwe atakaa kwenye kiti chake, na mimi sitaviachia hata sekunde moja, hata jasho linipofue.