Kioo Mbele ya Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mkunga kaja kuchukua gauni lake. Jumamosi anaagwa kazini, hospitali nzima itakuwepo. Aliniletea kitambaa cha bluu, kizuri, akataka gauni lisilo na mikono. Nikalishona na mikono mpaka kwenye vifundo. Mwanamke wa miaka sitini, ngozi ya mikono imelegea kama soksi ya zamani, anataka kumwonyesha nani? Kavaa, kajiangalia chini. Kavua, kakunja, kaondoka nalo. Nikampigia kelele kutoka mlangoni kwamba atarudi kunishukuru. Miaka thelathini namshonea, tangu aliponizalisha huyu kitinda mimba wangu. Namjua kuliko anavyojijua.

Jumanne, 4 Machi

Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia.

Ng'ambo ya barabara, kwa Kidole, wamejaa mpaka kizingitini. Kidole nimemfundisha mimi. Jina nilimpa mimi, siku ya kwanza alipojichoma sindano akalia kama mtoto. Leo ana pazia, ana kiti chenye mto, ana kioo cha urefu wa mtu. Mimi kioo sijawahi kuwa nacho. Mteja akitaka kujua kama kapendeza ananiuliza, namwambia. Wengi hawapendezi, nao nawaambia.

Mjukuu wangu anasomea biashara chuoni. Kaniambia, bibi, mteja kwanza. Nikamwambia kwanza kitambaa, pili uzi, mteja atajipanga nyuma yao. Kanihubiria saa nzima. Nimeokota moja tu: kioo.

Jumatano, 5 Machi

Kioo kimefika. Mjukuu alitaka kikae ukutani, mteja ajione. Nimekiweka mbele ya cherehani, kimeinama kidogo. Nikishona huwa naupa mlango mgongo. Sasa bila kugeuza shingo naona mlango wote wa Kidole: nani kaingia, kakaa muda gani, katoka na mfuko gani. Kitu cha maana sana, kioo. Nilichelewa.

Mwalimu wa kwaya alitaka kujiona na joho jipya. Nikamwambia achutame hapo kando ya cherehani. Kachutama. Kaona magoti yake, kasema asante.

Alhamisi, 6 Machi

Heri nisingekinunua.

Saa nne asubuhi nilikuwa nambana pini bi harusi mtarajiwa. Natupa jicho kiooni, namwona mkunga anaingia kwa Kidole. Mfukoni kitambaa cha bluu kinachungulia. Gauni langu!

Nilivuka barabara na pini mdomoni. Nikamkuta kasimama mbele ya kioo cha watu, Kidole ana mkasi, na mkono mmoja wa gauni umelala sakafuni. Mkunga akaanza kunieleza, nikamkatiza. Akaanza tena, nikamkatiza tena. Yeye nikamwita msaliti. Kidole nikamwita mwizi wa wateja, nikamuuliza nani alimfundisha kuushika huo mkasi. Kidole ana adabu mpaka inaudhi. Kajibu, ni wewe, mama.

Mkunga hakupaza sauti. Alisema:

“Dada, miaka thelathini unanishonea. Hujawahi kuningoja nimalize kusema.”

Mimi! Nikarudi zangu. Bi harusi hayupo, keshaondoka na pini zangu kumi na nane. Anatembea nazo huko mjini.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala vizuri. Nimeamua kumtanguliza mteja. Nimefunga mlango, nimetoa kitambaa changu cha akiba, kijani, nimshonee mkunga gauni jingine kama alivyotaka yeye, nimpelekee kesho kwenye sherehe. Bila mikono.

Nilipofika begani mkasi ukagoma. Nikaweka mikono mpaka kwenye kiwiko. Kiwiko ni katikati, kila mtu kashinda kidogo. Tumepatana. Yeye hakuwepo, lakini tumepatana.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kifurushi mapajani.

Mkunga aliitwa mbele. Gauni la bluu, mabega wazi. Alishukuru wakubwa wake, kisha akainua mikono yote miwili juu. “Hii ndiyo iliyowapokea,” akasema. “Miaka yote niliikunja ndani ya sare. Leo nataka muione.” Akaomba wote aliowapokea wasimame. Ukumbi ukasimama, watu wazima wa miaka thelathini na watoto wa kubebwa. Kitinda mimba wangu naye kasimama, mbele yangu, ndevu zote zile, analia.

Hilo ndilo alilokuwa anataka kuniambia siku alipoleta kitambaa. Sasa nakumbuka. Alianza, “Unajua dada, hii mikono yangu…” Nikamwambia ageuke nimpime mgongo.

Nilimfuata mlangoni. Njia nzima nilikuwa nimeshika neno moja, nisamehe. Nilipofika mbele yake kinywa kikasema pindo lako la nyuma limepinda.

Akaniangalia. Akasema, “Najua, dada.” Watu wakamchukua kwenda kupiga picha. Kifurushi nimerudi nacho nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Leo sijamsema mtu. Mjukuu kaniuliza kama naumwa. Nimekihamisha kioo mwenyewe, nimekiegemeza ukutani, mteja ajione mzima. Nikajiona mimi. Kikongwe ana uzi begani na mdomo umekazwa. Nilikaa nacho kitambo. Kumbe mtu anaweza kusemwa na kioo asipate pa kukikatiza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekirudisha kioo mbele ya cherehani. Mkunga hupita barabara hii akienda sokoni, na akipita nataka nimwone mapema. Safari hii nitamngoja amalize kusema yote. Nimemwambia mjukuu ashuhudie.

Mpaka jioni hajapita. Mwalimu wa kwaya kapita, kaingia kwa Kidole, katoka kasimama wima.

Kukaa bure siwezi, nimeshaanza kumkatia mkunga gauni la nyumbani, la kustaafia. Hajaliagiza bado. Nimeweka kola, na mikono mpaka kwenye vifundo. Mtu akikaa nyumbani anapata baridi. Namjua.